Rafu ya Chini, Mdomoni mwa Tanuri

Nilikwenda kwenye ule ua kununua vyungu vya maua, na nilikwenda mapema kwa sababu mwenye mali ambaye hajanywa chai hana nguvu ya kubishana. Biashara yangu ni vyombo: sahani, vikombe, mitungi, chochote kinachovunjika kikanunuliwa tena. Nilianza na beseni moja kichwani, leo nina duka la milango miwili, na katika safari yote hiyo sijawahi kununua kitu kwa sababu kimenipendeza. Kunipendeza mimi si bei.

Mwenye ua alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye wafanyakazi walimwita Bi Tanuri mbele ya uso wake. Alipandisha, nikashusha, nikajifanya naondoka, akajifanya haoni, nikarudi, tukakubaliana. Wapakiaji walipokuwa wakipanga vyungu kwenye mkokoteni, nikaona kitu kilichozuia lango lisijifunge. Kilikuwa mtungi, na ndani yake wametia jiwe.

Nikainama. Ukuta wa mtungi ule haukuwa laini kama wa mitungi mingine. Ulikuwa wa vipande vya udongo vilivyopandana, kimoja kimelalia kingine, kama ukuta wa mjini ambao watu wamebandika tangazo juu ya tangazo mpaka nyumba haionekani. Kila ukingo ulikuwa umechanika na kuachwa hivyo hivyo, na kando ya mchaniko ukapita mstari mweupe mwembamba, ule ule unaouona ukichana karatasi yenye rangi. Ufa ulitoka shingoni ukashuka mpaka tumboni.

"Huu bei gani?"

"Huo?" Bi Tanuri alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. "Hiyo ni kazi ya mdogo wangu. Chukua bure. Ila ukiutia maji usinirudie, utakukojolea."

"Mimi sichukui vya bure. Cha bure kina mwenyewe, naye hurudi na jamaa zake."

"Basi mwenyewe yule kule, nyuma ya tanuri. Mwite Viraka, ataitika."

Nilimkuta amechuchumaa, mwanamke mkavu wa makamo, vidole vyote vimeganda gundi ya unga. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza bei ya mtungi. Hakutaja pesa.

"Una karatasi, dada?"

"Karatasi gani?"

"Zozote. Mabango ya zamani, kalenda zilizopita, zile za kufungia sahani. Zenye rangi zaidi. Furushi moja kwa mtungi mmoja."

Stoo kwangu kulikuwa na rundo la mabango ya sabuni na ya rangi za nyumba ambalo panya walishagawana. Nilifikiri kidogo, kwa heshima ya biashara tu, kisha nikamwambia hapana, furushi moja kwa mitungi miwili. Akakubali. Alidhani amenipunja, nami nilijua nimempunja, tukaachana kila mmoja anajisifu.

Karatasi nilipeleka mwenyewe, maana nilitaka kuona kama kuna mali zaidi. Chumba chake kilishikana na mgongo wa tanuri, ukuta mmoja ulikuwa wa moto muda wote. Godoro lilikunjwa na kusimamishwa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa, kwa sababu sakafu haikuwa na nafasi. Sakafuni vililala vigae, vipande vya mitungi iliyopasuka, vimepangwa bapa kana kwamba mtungi umefumuliwa kama nguo. Palipokosekana kigae, alibandika karatasi iliyochanwa kwa umbo la pengo lile. Wekundu wa tangazo, buluu ya kalenda, rangi ya kaki ya mfuko wa saruji.

"Huu ni mchezo?" nikamuuliza.

"Mara ya kwanza nilikuwa natafuta kipande cha shingo," akasema. "Sikukipata. Nikachana karatasi ya ukubwa ule nikaiweka pale, nisisahau tundu. Nikaangalia. Karatasi ilikuwa bora kuliko shingo niliyoipoteza."

"Kisha?"

"Kisha nikafinyanga shingo kama ile karatasi."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na sitaipamba zaidi ya hapo. Mtungi ukipasuka, vigae vinaingia chumbani. Vigae vinadai karatasi. Karatasi zikishakaa, anaziangalia siku kadhaa huku akifinyanga vyungu vya maua vya dada yake, halafu anachukua udongo, anautandaza kama chapati, anauchana kwa mikono badala ya kuukata kwa waya, na kuvipandanisha vipande kwa namna karatasi zilivyopandana. Wakati mwingine alibandika karatasi mbichi juu ya udongo, akapaka juu yake udongo mweupe uliolainishwa kama uji, kisha akaibandua kabla haijakauka, na umbo lake likabaki. Mtungi unakwenda motoni. Ukipasuka, vinazaliwa vigae vipya, na vigae vinadai karatasi mpya. Udongo nao ulifundisha karatasi tabia zake. Alianza kubandika tabaka juu ya tabaka mpaka karatasi ikawa nene kama ukuta wa chungu, akailowesha, akaikunja, ikasimama yenyewe.

Sasa, kwa nini vilipasuka? Hapo ndipo penye kisa.

Baba yao alikuwa mfinyanzi, na tanuri lile alilijenga kwa mikono yake. Hakupata mtoto wa kiume. Alipokufa aliacha ua kwa mabinti wawili, nusu kwa nusu, lakini hakuacha kinywa nusu kwa nusu. Mkubwa alikipata chote. Mdogo aliolewa, akakaa kidogo huko, mume akamrudisha akisema yeye alioa mke, hakuoa ubao wa matangazo. Dada akampokea. Akampa chumba cha nyuma, kazi ya vyungu vya maua mchana kutwa, na kwa vitu vyake mwenyewe akampa rafu ya chini ya tanuri, mdomoni kabisa, moto unapoingilia. Pale moto hupiga upande mmoja kama kofi. Chombo chenye kosa lolote hakitoki kizima.

Siku moja nilikuwepo wakipanga tanuri.

"Dada, nimeleta vyangu," Viraka akasema.

"Umeniletea wagonjwa wako? Haya, wote chini. Mgonjwa hulala karibu na mlango, tusipate tabu kumtoa."

Wafanyakazi wakacheka, maana mwenye mshahara akitania ni lazima ucheke.

"Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni," Bi Tanuri akaendelea, akinigeukia ili nami nipate fungu langu. "Huyu wangu anakula gaeni, analala gaeni, na akifa tutamzika gaeni. Hata sanda tutaibandika kwa gundi."

Viraka alivisukuma vyombo vyake mle ndani mkono ukiingia mpaka begani, polepole, kama anayemlaza mtoto mchanga.

Mitungi yangu miwili niliiuza kwa mwanamke anayelipwa kupamba nyumba za matajiri. Nilimwita Mpambaji, na yeye aliniita Mama Bei kama wanavyoniita wengine wote, tukaheshimiana kwa majina hayo. Aliizunguka ile mitungi, akapapasa ile michaniko, akanyamaza. Mteja akinyamaza, usiseme neno. Akachukua yote miwili, na alipojua kuna karatasi zilizoizaa akazitaka nazo. Nikarudi uani na mafurushi mengine. Mpambaji akachukua tena. Akataka zaidi.

Hapo ndipo vile vipasuko vikaanza kuniuma. Kila uchomaji, nusu ya vitu vya Viraka ilitoka vigae. Yeye alivikusanya kama mtu aliyeokota. Mimi niliona mteja wangu anasubiri. Nikamfuata Bi Tanuri.

"Mpe mdogo wako rafu za juu," nikamwambia. "Ukimpa, vyungu vyako vya maua nitanunua vyote, sitagusa ua mwingine."

Alinitazama, akitafuna kijiti.

"Mama Bei, unajua unachonunua?"

"Najua."

"Mimi nilimweka pale ili aache. Hakuacha. Wewe unataka kumtoa pale." Akatema kijiti. "Haya. Vyote vya maua, bei ya leo, hushushi."

Nikakubali. Mchana ule ule Viraka alihamishiwa juu, kwenye moto tulivu unaokumbatia chombo pande zote. Alipoambiwa aliuliza tu, "Nani kaomba?" Akaambiwa ni mimi. Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka kama aliwahi kunikosea.

Uchomaji wa kwanza, kila kitu kilitoka kizima. Nilinunua soda kwa ua mzima. Wa pili, vizima. Uliofuata, vizima tena. Ile sakafu ya chumba chake ikabaki tupu, akaweza hata kulitandaza godoro. Na mitungi ikawa mizuri. Sina neno baya zaidi ya hilo. Mpambaji aliipokea awamu moja, ya pili akaipangusa kwa kidole akaniambia, "Huu nimeshauona."

"Wapi?"

"Kwako, Mama Bei. Mwezi uliopita."

Nilikwenda uani kumgombeza Viraka, na kabla sijafika chumbani nikasikia kishindo. Nilimkuta na nyundo. Mtungi mzima, mzuri, niliokuwa nimeshauhesabu kichwani kama mali yangu, ulikuwa unga na vipande.

"Unavunja mali yangu!"

"Hujaleta karatasi zake, dada. Bado ni yangu." Akaokota kigae, akakigeuza, akakitupa. "Hakifai."

"Si vigae ndivyo unavyovitaka? Hivyo hapo!"

"Nyundo inavunja ninapotaka mimi. Moto unavunja nilipokosea." Alinivuta mkono mpaka kwenye vigae vya zamani alivyovificha chini ya godoro. "Ona hiki. Hapa ukuta ulikuwa mnene, nilikuwa na haraka. Hapa nilibandika kipande ili kuficha kibaya. Hapa nilijidanganya. Nikiona hivi najua pa kuchana karatasi. Vigae vya nyundo vinaniambia tu kwamba nina nyundo."

"Basi kosea makusudi."

"Kosa la makusudi si kosa. Ni pambo. Huyo Mpambaji wako amejaa mapambo, hahitaji yangu."

Mimi sina elimu ya sanaa, lakini hesabu naijua, na hesabu ilikuwa wazi: mtungi mzima haukuuzika, mtungi wa rafu ya chini uliuzika. Nikamuuliza anataka nini.

"Rafu yangu."

Tulikwenda pamoja kwa dada yake. Bi Tanuri alikuwa kivulini, miguu ndani ya karai la maji.

"Dada, naomba unirudishe chini."

"Sisikii."

"Naomba rafu ya chini."

"Paza sauti, wasikie na waliolala."

Akapaza. Wafanyakazi waliacha kukanda udongo wakatazama. Bi Tanuri akatoa mguu mmoja majini, akaukagua ukucha kwa ukucha.

"Rafu ya chini sasa ina wapangaji. Naweka matofali pale, hayalalamiki. Kuwahamisha wapangaji kuna gharama."

"Gharama gani?"

"Nusu yako ya ua."

Niseme kweli, hata mimi nilishtuka, na mimi nimewahi kununua kitanda cha mjane siku ya matanga. Nikamvuta Viraka pembeni. Sikumwonea huruma, bei mbaya inaniwasha popote ninapoiona, hata isiponihusu.

"Nusu ya ua kwa rafu? Mwizi mwenyewe angeona haya!"

"Bei yake ndiyo hiyo."

"Bei hairukiwi, inashushwa! Mwambie utampa robo. Na aape kwamba tanuri halitabomolewa. Atasema rafu ni yako maadamu tanuri limesimama, nakwambia atasema hivyo hivyo, na huo ndio mlango wa nyuma."

"Nikimtaka aape, atajua ninachoogopa."

"Asipoapa atalibomoa kesho."

"Kesho nitakuwa nimeshachoma leo," akasema, akarudi kivulini.

Waliitwa majirani wawili kuwa mashahidi. Bi Tanuri akasema, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba nusu ya mdogo wake imekuwa yake, na kwamba rafu ya chini ni ya mdogo wake maadamu tanuri limesimama. Viraka akaitikia. Na kwa kuwa dalali hakai katikati bure, mimi nikatia langu: kuanzia siku ile hakuna atakayenunua kwa Viraka ila mimi. Naye akaitikia hilo pia, bila kuniangalia, kama anayefukuza nzi.

Kilichofuata ndicho chote alichokuja kukifanya duniani. Sakafu ilijaa tena. Alifinyanga sinia kubwa kama mlango, likapasuka vipande vinne, na kutokana na vile vinne akabandika karatasi iliyofunika ukuta mzima, na kutokana na ile karatasi akafinyanga mitungi ambayo ukiitazama huku huijui ukiizunguka. Mpambaji alileta wateja mpaka chumbani. Mama mmoja, tajiri, alisimama mbele ya ile karatasi kubwa akalia machozi.

"Sogea nyuma, mama," Viraka akamwambia. "Chumvi inaharibu gundi."

Alikuwa amekuwa hivyo. Watu hufikiri aliyeonewa huwa mpole. Mimi nimeuza kwa walioonewa wengi, na sijawahi kuona wapole kuwazidi wengine. Alivuna alichokitaka akabaki na ukali wote ambao hakuutumia alipokuwa akiomba. Na siku ikafika akautumia.

Bi Tanuri alibadili shimo la udongo. Lile la zamani lilikuwa mbali, akapata la karibu, rahisi. Udongo wake ulikuwa na punje za chokaa. Punje hizo huzioni. Chombo kinachomwa, kinatoka kizuri, kinauzwa, kisha unyevu ukishaingia punje inavimba ndani na kurusha kipande cha ukuta, pah, kama chunusi. Mfinyanzi anayekanda kwa mikono yake huzisikia kwenye vidole. Bi Tanuri alikuwa na miaka mingi hajatia mkono kwenye udongo. Viraka alikuwa akiukanda kila siku.

Vyungu vile vilifika kwangu, vikafika kwa wateja, vikamwagiwa maji, vikaanza kujitemea mate. Walinirudishia kwa mikokoteni. Nilikimbilia uani, nikampita Bi Tanuri nikaenda nyuma ya tanuri.

"Ulijua."

"Nilijua tangu gunia la kwanza." Alikuwa akichana bango, kwa utaratibu, ukingo kwa ukingo. "Wangu mimi nauchuja."

"Na hukumwambia dada yako!"

"Mimi ni mpangaji wa rafu ya chini. Ya juu siyajui."

"Hivyo vyungu navinunua mimi! Umenitia hasara mimi!"

"Dada, wewe ndiye uliyenipandisha juu bila kuniuliza," akasema. "Pole."

Nikaacha kununua vyungu vya ua ule siku hiyo hiyo. Wenye maduka wengine walishasikia, nao wakaacha. Nilimweleza Viraka wazi: ua usiouza vyungu hauna haja ya tanuri. Nadhani hapo ndipo alipoiona bei yote ya mdomo wake uliofungwa, lakini mtu wa aina yake haombi radhi, na hata angeomba, dada yake alishaita mafundi wa ujenzi. Ua ule ulikuwa karibu na barabara. Vyumba vya kupangisha vingejaa kabla rangi haijakauka.

Bi Tanuri hakuficha kitu. Alimwambia mdogo wake mbele yetu sote: "Choma mara moja ya mwisho. Chukua tanuri zima, ukitaka chini, ukitaka juu, ukitaka lala humo."

Viraka alijaza chini peke yake. Vilikuwa vyombo vikubwa kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, vilivyotokana na karatasi alizokuwa akizibandika msimu mzima. Alikaa na ule moto mwenyewe mpaka ulipoisha, akaziba mdomo kwa matofali na tope. Baada ya hapo tanuri linaachwa lipoe lenyewe, taratibu, mpaka uweze kuweka kiganja ukutani. Hata mtoto wa mfinyanzi anayejifunza kutambaa anajua hilo.

Asubuhi iliyofuata mafundi walikuwa wamekaa juu ya nyundo zao, wanalipwa kwa kukaa. Nilikuwepo, nilikuja kuona nitakachopata. Bi Tanuri aliwatazama mafundi, akalitazama tanuri, akasema, "Fungueni."

"Bado jekundu ndani, bibi," fundi mmoja akasema.

"Nimesema fungueni."

Wakang'oa matofali ya mdomo. Hewa ya baridi iliingia kwa mvumo. Kwa kitambo hakukuwa na kitu. Kisha tukasikia kutoka ndani, ti, ti, halafu mfululizo, kama mahindi kwenye sufuria, halafu mlio mmoja mzito ambao nadhani ulikuwa wa kile chombo kikubwa kuliko vyote.

Viraka alitoka chumbani mbio, akasimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusaidia," Bi Tanuri akamwambia. "Si ulikuwa unataka vipasuke? Leo vyote. Hata kimoja hukupoteza."

Viraka akachovya magunia kwenye karai, akajifunga mikononi, akaanza kuvitoa vigae vikiwa bado vinaunguza. Mvuke ulimfunika. Nilimwambia aache, ataungua, akaungua, akaendelea. Nami nikajisemea sawa, mavuno ya mwisho ni makubwa, karatasi zitakazotoka hapa Mpambaji atazipigania.

Nilipokwenda kumwona baadaye, viganja vimefungwa vitambaa, vigae vilijaa sakafu nzima mpaka mlangoni. Hapakuwa na karatasi hata moja.

"Mbona hujaanza?"

"Hivi si vya moto. Ni vya upepo." Alikisogeza kimoja kwa kidole cha mguu. "Upepo hauchagui. Umevunja palipokuwa na kosa na pasipokuwa na kosa. Nimeviangalia vyote. Haviniambii nilikosea wapi. Vinanieleza tu kwamba dada ana haraka."

Tanuri lilibomolewa wiki ile. Lilikuwa na matofali mazuri. Mafundi waliyatumia kwenye misingi ya vyumba.

Mimi si mtu wa kukata tamaa kwenye mali inayouzika. Nilimtafutia nafasi kwenye karakana moja yenye tanuri la gesi, kila kitu kwa kipimo, saa ukutani, moto sawasawa kila pembe. Alichoma mara mbili. Aliweka vyombo vyake kila mahali, chini, pembeni, mlangoni. Vilitoka vizima, vinang'aa kama mayai. Akanirudishia vyote kwenye boksi, akasema moto wa pale hauna cha kumwambia.

Akabaki na karatasi peke yake. Alibandika kwa miezi. Siku moja akaniita, akanitandazia kazi mpya sakafuni, akasimama nyuma yangu. Nilizitazama kwa makini, maana nilitaka ziwe nzuri, nilikuwa na nafasi ukutani kwa Mpambaji. Ukingo wa michaniko ulikuwa umenyooka kama wa fundi cherehani. Rangi zilikaa vizuri. Zilikaa vizuri mno.

"Hizi siwezi kuziuza," nikamwambia. "Ni karatasi tu."

"Najua," akasema. "Nilitaka nione kama utanidanganya."

Hakubandika tena. Zile alizozifanya wakati wa rafu ya chini, mitungi na karatasi zake, niliziuza zote, pamoja na ile ya ukuta mzima, na kwa bei ambayo ilinifungulia ule mlango wa pili wa duka. Watu huniuliza kama nilijiwekea angalau moja. Sikujiwekea.

Bi Tanuri ana vyumba vyake, safu mbili zinazotazamana, na wapangaji wanaomwamkia kwa adabu kwa sababu anakata umeme. Hajanunua udongo tangu wakati ule na hausikitikii. Mdogo wake anapanga kwake, chumba cha mwisho, karibu na choo, kwenye kiwanja ambacho nusu yake ilikuwa yake.

Kodi anailipa kutokana na mshahara ninaompa mimi. Nilimchukua stoo, afunge vyombo kabla havijasafirishwa. Anakaa kwenye kiti kifupi, anachana gazeti vipande vya ukubwa unaotakiwa bila kuangalia, anavizungusha kwenye kikombe, tabaka juu ya tabaka, anakilaza kwenye boksi, anachukua kingine. Tangu aanze kufunga yeye, hakuna kikombe kilichomfikia mteja kimevunjika, nami nimemwongezea kidogo ili duka la jirani lisimchukue.